Kitabu cha Mapishi: Chagua Kile Kinachofundisha

Vitabu vya mapishi si haba siku hizi. Vipo vyenye picha za kung'aa madukani, vipo vilivyokwisha kutumika vinavyouzwa kando ya barabara, na vipo vile ambavyo ndugu aliye ng'ambo hutuletea kama zawadi. Wengi wetu tunacho kimoja au viwili juu ya kabati, navyo havifunguliwi mpaka Krismasi inapokaribia. Tunavifungua, tunaoka keki moja, kisha tunavirudisha mahali pake. Mwaka unakwisha na upishi wetu umebaki pale pale.

Mara nyingi sababu si uvivu wa mama. Sababu ni kwamba kitabu kimejaa orodha za vyakula, lakini hakifundishi kupika. Mambo hayo mawili yana tofauti kubwa, na inafaa tuitazame tofauti hiyo kabla ya kutoa fedha ya nyumbani kununua kitabu kingine.

ORODHA NI KITU KIMOJA, MAFUNZO NI KINGINE

Chukua mfano wa mchuzi wa nyama. Kitabu cha kwanza kitasema hivi: "Kaanga vitunguu, tia nyama, tia nyanya na viungo, tia maji, pika mpaka iive." Yote ni kweli. Lakini mama anayejua kupika mchuzi hakuhitaji kuambiwa hayo, na binti asiyejua hajasaidiwa lolote.

Kitabu cha pili kitasema: futa nyama kwa kitambaa safi ili iwe kavu, kwa sababu nyama yenye maji haikaangiki bali inachemka. Pasha mafuta kwanza. Tia vipande vichache kwa wakati mmoja, maana ukijaza sufuria joto hushuka na nyama hutoa maji. Iache bila kuikoroga mpaka upande wa chini uwe wa kahawia, kwa kuwa rangi hiyo ndiyo inayoleta utamu wa mchuzi. Kisha itoe, ukaange vitunguu, na unapotia nyanya ukwangue kwa mwiko yale yaliyoganda chini, kwani humo ndimo mlimo na ladha. Rudisha nyama, tia maji, na moto uwe mdogo: maji yatoe mapovu machache tu, kwa sababu moto mkali hukaza nyama.

Aliyesoma kitabu cha pili hakujifunza mchuzi mmoja tu. Amejifunza namna ya kukaanga nyama yoyote, ya ng'ombe au ya mbuzi, leo na miaka 20 ijayo. Kitabu cha kwanza kinakupa mlo, na cha pili kinakupa mkono.

JAMBO HILI LINAHUSU AFYA YA NYUMBA

Huenda msomaji akauliza, muuguzi ana shughuli gani na vitabu vya mapishi? Anayo, tena kubwa.

Katika kliniki za kisukari na shinikizo la damu kuna maneno tunayoyarudia kila siku: "Punguza chumvi. Punguza mafuta. Ongeza mboga." Mama anayemsindikiza mumewe husikiliza kwa makini na kuitikia, "Ndiyo, nesi." Anarudi nyumbani, anapika vile vile alivyozoea, ila chumvi haimo. Chakula kinakuwa kama cha mgonjwa. Baba anasukuma sahani pembeni, watoto wananuna. Haujaisha mwezi, chumvi imerudi sufuriani kama zamani, na presha imepanda kama zamani.

Mama huyo si mkaidi. Tatizo ni kwamba tulimwambia aondoe kitu, lakini hakuna aliyemwonyesha cha kuweka mahali pake. Anajua pishi lake moja kwa moyo, na pishi hilo likiguswa linaanguka.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Katika hizo imo pia chumvi iliyomo ndani ya mkate na viungo vya pakiti. Ni kidogo sana kwa mtu ambaye ladha anaitafuta kwenye kopo la chumvi peke yake. Lakini anayezijua mbinu za upishi ana milango mingi. Anajua kwamba kitunguu kilichokaangwa taratibu mpaka kikawa cha kahawia kina utamu wake. Anajua kwamba bizari nzima na giligilani zikikaangwa kavu kidogo kabla ya kutwangwa hutoa harufu maradufu. Anajua kwamba ndimu, ukwaju au embe bichi likitiwa mwishoni huamsha ladha, hata mlaji asitambue kuwa chumvi ni kidogo. Anajua kufunika mboga na vijiko viwili vya maji badala ya kuongeza mafuta.

Fannie Farmer wa Marekani aliuelewa uhusiano huu zamani. Alikuwa mkuu wa shule ya upishi mjini Boston, na mwaka 1896 alitoa kitabu kiitwacho The Boston Cooking-School Cook Book. Wachapishaji hawakuwa na imani nacho, hata wakamtaka alipie mwenyewe gharama za nakala 3,000 za kwanza. Kitabu hicho kilikuja kuuzwa kwa miaka mingi. Humo alieleza chakula kimeundwa na nini na kinafanya kazi gani mwilini, na alisisitiza kikombe na kijiko visawazishwe juu kwa kisu, badala ya "kiasi" na "kidogo" za kukisia. Mwaka 1904 alitoa kitabu kingine kuhusu chakula cha wagonjwa na wanaopata nafuu, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa kubwa zaidi katika kazi yake.

MAMBO SITA YA KUTAZAMA

Ukiwa na kitabu mkononi, dukani au kwa jirani, kipime kwa mambo haya.

1. Je, kinaeleza sababu?

Tafuta maneno "kwa sababu", "ili" na "maana". Kitabu kikisema unga wa chapati ulale nusu saa, je, kinasema kwa nini? Sababu ni kwamba unga uliokandwa hukaza na kuvutana, na ukipumzika hulegea na kusukumika bila kurudi nyuma. Ukiijua sababu, hutashangaa tena chapati ikikataa kutanuka: utaiacha ipumzike kidogo kisha uendelee. Samin Nosrat, mpishi wa Marekani, alitoa mwaka 2017 kitabu kiitwacho Salt, Fat, Acid, Heat. Ndani yake upishi wote amewekwa juu ya nguzo nne: chumvi, mafuta, uchachu na moto. Kurasa nyingi za mwanzo hazina pishi, zina mafundisho. Kwa wenye shinikizo la damu, nguzo ya chumvi lazima ipunguzwe, lakini nguzo ya uchachu ndiyo itakayotuokoa.

2. Je, kinatoa dalili, au dakika tu?

"Pika kwa dakika 20" ni maneno ya mtu ambaye hajui jiko lako. Moto wa mkaa si moto wa gesi, na mkaa wa leo si mkaa wa jana. Tena mahali unapoishi panahusika. Dar es Salaam na Mombasa, karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Mbeya au Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Yanatoa mapovu vile vile, lakini joto lake ni dogo, na hutaliongeza kwa kuchochea moto. Ndiyo maana maharage ya Mbeya hukawia kuiva kuliko ya pwani, hata yakiwa ya gunia moja.

Kwa hiyo kitabu kizuri hutaja dakika, lakini huongeza dalili: mpaka harufu ya ubichi iishe, mpaka mafuta yaelee juu, mpaka kijiti kikichomwa katikati ya keki kitoke kikavu. Jicho, pua na kidole hufanya kazi katika jiko lolote. Jihadhari pia na kitabu kisemacho vitunguu vitakuwa vya kahawia kwa dakika 5. Haviwezi. Aliyeandika hivyo ama hakupika, ama aliogopa kutuchosha.

3. Je, vipimo vyake vinaeleweka?

Kikombe cha vitabu vya Marekani ni mililita 240 hivi, na cha Australia ni 250. Kijiko cha mezani ni mililita 15 katika nchi nyingi, lakini cha Australia ni 20. Vitabu vya zamani vya Uingereza hupima kwa aunsi, ambayo ni gramu 28 hivi. Kikombe chako cha chai nacho kina ukubwa wake. Kwa mchuzi tofauti hizo si kitu, lakini kwa mkate na keki zinaweza kuharibu kila kitu. Kitabu kinachofaa hueleza mwanzoni kikombe chake ni kipi, na ni vyema zaidi kikitoa gramu pamoja na vikombe.

Angalia pia joto la oveni. Ukisoma "350" katika kitabu cha Marekani, hizo ni nyuzi za Farenhaiti, nazo ni karibu na 180 za sentigredi. Mama asiyelijua hilo atatoa mkaa badala ya keki.

4. Je, kinaanza na mambo ya msingi?

Usidharau kitabu kinachofundisha kushika kisu, kukata kitunguu na kuchemsha yai. Mwaka 1998 Delia Smith wa Uingereza alianza kitabu chake How to Cook na mayai, na wapo waliomcheka kwa kuwafundisha watu wazima kuchemsha yai. Lakini wanunuzi hawakucheka. Walikinunua kwa wingi. Msingi ukiwa imara, nyumba husimama.

Katika msingi huo tazama pia mpangilio. Julia Child na wenzake wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, walipotoa Mastering the Art of French Cooking mwaka 1961, waliweka vitu vinavyohitajika upande mmoja wa ukurasa, na upande wa pili kazi ya kufanya navyo, hatua kwa hatua. Mpishi halazimiki kupanda na kushuka ukurasani huku mafuta yanaungua. Vyakula vya kitabu hicho ni vya Kifaransa na vinakula siagi nyingi, wala sisemi tuvipike kila siku. Nasema tujifunze kutambua mwandishi aliyemfikiria mpishi.

5. Je, kinasema la kufanya mambo yanapoharibika?

Mwalimu mwema anajua mwanafunzi atakosea. Tui la nazi hukatika likichemka bila kukorogwa. Je, kitabu kinakuonya mapema ukoroge, tena kwa moto wa wastani, na tui zito uliache la mwisho? Wali ukiwa na kiini wakati maji yameisha, je, kinakuambia unyunyize maji kidogo ya moto, ufunike sawasawa na kupunguza moto? Kitabu ambacho kila kitu ndani yake hufanikiwa kitakuacha peke yako siku ya wageni.

6. Je, kinalinda afya?

Hapa nazungumza kama muuguzi, wala silegezi. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoweza kuleta kutapika na kuharisha vibaya. Yanatakiwa yalowekwe kwa saa 5 au zaidi, maji hayo yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau nusu saa kabla ya kupunguza moto. Kitabu kinachosema uyaweke mabichi kwenye moto mdogo kutwa nzima kirudishe kwenye rafu. Mihogo michungu nayo ina sumu, na kuiloweka siku kadhaa au kuisindika vyema ni lazima, si mapambo.

Kuku aive mpaka maji yatokayo karibu na mfupa yawe meupe, bila damu. Shirika la Afya Duniani hutaja nyuzi 70 za sentigredi ndani ya chakula. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2 kabla ya kuhifadhiwa mahali pa baridi, na wali ni wa kwanza katika onyo hilo. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi kwa maji machache, maana vitamini C hupotea kwa maji na kwa moto. Mafuta kidogo, karanga au tui husaidia mwili kuipata vitamini A iliyomo. Kitabu kinachofundisha mambo haya ni mwenzake daktari.

JARIBIO LA DUKANI

Usianze na ukurasa wenye picha nzuri. Fungua ukurasa wa chakula unachokijua vizuri: wali, maharage, yai, supu ya kuku. Soma taratibu. Je, umekutana na jambo moja ambalo hukulijua, au sababu ya jambo ulilokuwa ukilifanya kwa mazoea? Kama lipo, mwandishi huyo ana cha kukufundisha hata katika vyakula usivyovijua. Kama hakuna, au ukiona amekosea katika chakula unachokiweza, usimwamini katika vile usivyoviweza.

Kisha tazama picha. Picha ya sahani iliyopambwa inakutia hamu tu. Picha ya mikono ikikanda, ya unga ulioumuka mara mbili, ya mafuta yakiwa tayari kukaangia, hiyo ndiyo inayofundisha. Mwisho hesabu ni mapishi mangapi unaweza kuyapika kwa vitu vya soko lako na vyombo vya jiko lako. Kama hata kumi hayafiki, kitabu hicho kina mwenyewe, lakini si wewe.

VITABU VYA KWETU NA LUGHA YETU

Ni kweli kwamba vitabu vingi vya namna hii vimeandikwa kwa Kiingereza na kwa majiko ya mbali. Huku kwetu vimekuwepo vingine. Mwaka 1928 wanawake wa Kanisa la St Andrew's jijini Nairobi walitoa kitabu cha upishi na mambo ya nyumbani, lakini walikiandikia walowezi. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilitoa kitabu cha vyakula vya Wakenya chenye vipimo na viini lishe vya kila chakula. Hicho ni hazina kwa mama mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani, ingawa nacho ni cha Kiingereza.

Lakini elimu kubwa ya upishi wetu bado imo mikononi mwa mama na bibi zetu: kupalia makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke sawasawa, kujua kwa kuangalia kwamba maji ya ugali yako tayari, kutenga tui la kwanza na la pili. Mengi hayajaandikwa. Bibi akiondoka, yanaondoka naye.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, vikundi vya akina mama vinunue kitabu kimoja kizuri kwa kuchangiana, badala ya kila mmoja kununua kibaya chake. Anayesoma Kiingereza awasomee wenzake, na kila mwezi mjifunze mbinu moja tu, si vyakula kumi. Mwezi wa kwanza kukaanga vitunguu na nyama, wa pili kupika maharage, wa tatu mboga za majani. Pikeni pamoja, onjeni, ulizaneni.

Pili, kila mama awe na daftari la jikoni. Mwite mama yako au mama mkwe, simama naye akipika, na uandike kwa Kiswahili. Akisema "tia maji kiasi", mwombe akimimine kiasi hicho kwenye kikombe kwanza, ukipime. Akisema "sasa imeiva", muulize, "Umejuaje, mama?" Jibu lake ndilo la kuandika. Waite na watoto wako waone, wa kike na wa kiume, maana tumbo la mvulana nalo huhitaji chakula atakapokuwa mbali nawe.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo usiwe wa keki. Uwe wa chakula mnachokula kila siku, namna ya kukipika kwa chumvi kidogo na mafuta kidogo, na kikaliwa mpaka sahani ikabaki tupu.